YouTube kwa wenye bando dogo: naipa nyota tano

Jamani kwa burudani mi sijaona kama YouTube, hasa sisi wa Kampala ambao bando lina kodi ya 12% tangu Julai 2021, unashusha ubora wa picha mpaka 144p, ule wa chini kabisa, na muziki bado unausikia vizuri tu. Kinachonikosha zaidi ni kupunguza spidi hadi 0.5, watoto wa hapa uani wanaweka video za Ghetto Kids, wale watoto wacheza dansi wa Uganda waliofika fainali ya Britain's Got Talent 2023, shindano la vipaji la Uingereza, wanafuata mguu mmoja mmoja, bega, kiuno, mpaka staili inaingia, we acha tu! Halafu filamu za Wakaliwood, ile studio ya hapa Kampala, na yule VJ, yaani msimulizi wa filamu, anavyopiga kelele katikati ya mapigano, mbavu huna. Gemu za mpira naangalia wakali wakicheza naokota mbinu.