Matofali ya maranda ya Mafinga: ukutani sawa, msingini hapana

Kwa anayejenga huku Mufindi, mkoani Iringa, na amesikia habari za matofali yenye maranda: mimi nimejengea kuta zote juu ya msingi, nimekaa nayo kipupwe kizima, na nayapendekeza kwa moyo wote.

Mbao za shamba la miti la Sao Hill zinapasuliwa hapa hapa Mafinga, na nyuma ya viwanda vya mbao kuna vilima vya maranda. Vingine hutiwa moto vikafuka moshi siku nenda rudi, watoto wanakohoa. Vijana wanaofyatua matofali haya, wenye tanuru nje kidogo ya mji, wanayazoa, wanayachekecha na kuyachanganya na udongo, ndoo moja kwa ndoo sita. Tanuru wanalichochea kwa mabanzi, hawakati mti. Hilo peke yake lilinitosha kuwapa pesa yangu, shilingi 200 kwa tofali.

Ndani ya moto maranda yanaungua na kuacha vitundu. Nilivunja moja kwa nyundo: lina matundumatundu kama andazi, jekundu mpaka katikati. Angalieni hapo kabla hamjalipa. Mkikuta kiini cheusi, moto ulikimbizwa na maranda hayakuungua yakaisha; msilichukue. Vitundu vile vinashika hewa, na hewa ndiyo inayozuia baridi kupenya. Mwezi wa saba chumba changu cha kulala kilitunza joto la jioni hadi alfajiri, wakati jiko, nililojenga zamani kwa matofali ya saruji, lilikuwa barafu. Fundi naye alifurahia wepesi wake alipokuwa juu kwenye jukwaa.

Lakini vitundu hivyo hivyo vinanyonya maji. Lowekeni matofali kwenye pipa mpaka mapovu yaishe, la sivyo yatafyonza maji ya saruji kabla haijashika na viungo vitabaki dhaifu. Nje pigeni plasta. Msingi jengeni kwa mawe, msibishane na mvua za huku.

Jambo moja naomba mlitilie maanani sana. Ulizeni maranda yametoka wapi. Mafinga kuna nguzo zinazotiwa ile dawa ya kijani, yenye shaba, kromiamu na aseniki. Vumbi na vipande vya nguzo hizo havifai kuingia kwenye tanuru hata kidogo, maana aseniki inatoka na moshi na wachomaji ndio wanaoivuta. Hawa walinipeleka mpaka kwenye mashine wanakochukulia, mbao mbichi za misindano tupu. Asiyekubali kukuonyesha, mwache.

Ninacholalamikia ni usafirishaji. Lori lilikuwa tipa, likamwaga mzigo wote chini, na kona nyingi zikavunjika. Tofali hili ni laini pembeni kuliko la kawaida. Kataeni tipa, lipeni vibarua wapakue kwa mkono. Na agizeni mapema. Novemba mvua zikianza matofali mabichi hayakauki, tanuru linalala mpaka Mei.