Maji ya kisima binafsi, Unguja: presha nzuri, klorini hamna

Mitaa mingi mipya ya pembezoni mwa mji wa Unguja hutegemea maji ya watu binafsi, kwa sababu bomba la ZAWA, Mamlaka ya Maji Zanzibar, halijafika au linatoa maji kwa zamu. Huduma tunayoitathmini hapa ni ya aina hiyo: kisima kimoja kirefu, tangi juu ya mnara, mabomba ya plastiki mpaka majumbani, mita mlangoni na bili kila mwezi. Jina la kampuni hatulitaji. Kasoro zake utazikuta kwa wauzaji wengi wa maji namna hii, na kila mteja anaweza kumpima wa kwake kwa vigezo hivi hivi.

Tuanze na mazuri. Maji yanapanda mpaka tangi la juu ya paa bila pampu ya nyumbani. Fundi akipigiwa simu anakuja. Bili inasomeka, na tarakimu zake zinalingana na za mita. Kwa kufulia, kuoshea na kumwagilia bustani hatuna neno. Kwa kunywa, hatuipi pasi.

Sababu kubwa ni klorini. Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji maabara: jaza kichupa maji mililita 10, tia kidonge cha kupimia klorini kiitwacho DPD namba 1, kiponde, tikisa, kisha linganisha rangi na kadi yake. Klorini ikiwepo, maji yanageuka waridi. Shirika la Afya Duniani linataka klorini huru isiyopungua miligramu 0.5 kwa lita baada ya nusu saa ya kukaa na dawa, na hata kwenye mfereji wa mwisho isishuke chini ya 0.2. Kwenye mfereji wa huduma hii kichupa kinabaki kama kilivyokuwa, hakina hata dalili ya wekundu.

Ukitazama namna dawa inavyotiwa, hushangai. Mlinzi hupanda ngazi mara moja kwa wiki na kikombe cha unga wa HTH (klorini ya unga), akaumwaga tangini. Siku hiyo maji yananuka dawa na watu wanalalamika. Tangi likishatumika na kujazwa upya mara mbili tatu, hakuna kilichobaki, na siku zilizosalia za wiki watu wanakunywa maji yasiyo na kinga yoyote. Hesabu sahihi ni hii: tangi la lita 10,000, ukitaka miligramu 1.5 kwa lita, linahitaji gramu 15 za klorini yenyewe. Unga wa HTH wa asilimia 65 utapimwa gramu 23 kwa mizani, ukorogwe kwanza kwenye ndoo ya maji, utiwe kila tangi linapojazwa. Pampu ndogo ya kudondoshea dawa kwenye bomba la kupandishia ingeifanya kazi hii kila maji yanapopandishwa. Na unga wenyewe ukiachwa wazi kwenye unyevu wetu huu, nguvu inapungua wiki hadi wiki, hata gramu zikiwa zile zile.

Kampuni hujitetea kwamba maji yake ni meupe na yanatoka chini sana. Weupe wa maji haukuambii kitu kuhusu vijidudu. Na chini ya Unguja kuna jiwe la matumbawe lenye mianya na mapango, ambamo maji hupita mbio bila kuchujwa kama yanavyochujwa na mchanga. Karo (shimo la maji ya choo) la jirani likivuja, mvua kubwa ya masika inaweza kulipeleka kisimani kwa muda mfupi mno. Ile kanuni ya kuacha mita 30 baina ya kisima na karo inasaidia kwenye udongo mzuri. Kwenye uwanda wa mawe haitoshi kumpa mtu usingizi. Kwa hiyo angalia kichwa cha kisima: bomba la kinga lisimame sentimita 30 au zaidi juu ya ardhi, limiminiwe saruji pembeni, na sakafu yake iinamie nje. Hapa bomba limekatwa sawasawa na sakafu na kufunikwa kipande cha bati, na sakafu imepasuka. Maji ya mvua yanaingia moja kwa moja.

Zanzibar imeonja kipindupindu tangu 1978, mlipuko wa kwanza uliposhika watu 411 na kuua 51. Mtu anayeuza maji katika visiwa hivi bila klorini anacheza na roho za watu, na hatuoni neno jepesi zaidi la kulisema hilo.

Tatizo jingine liko njiani. Pampu huzimwa usiku, na tangi likiisha mabomba yanabaki matupu. Bomba tupu lenye ufa hunyonya maji yaliyolizunguka, na mabomba haya yamefukiwa juu juu, mahali pengine yanakatiza mtaro wa maji machafu. Ndiyo maana maji ya alfajiri hutoka na vumbi na harufu kwa dakika chache. Usiyakinge ya kunywa. Yaache yatoke mpaka yatulie.

Chumvi nayo inapanda. Maji matamu ya kisiwa yanaelea juu ya maji ya bahari, na kwa makadirio yanayotumiwa na wataalamu, kila mita moja ya maji matamu juu ya usawa wa bahari inabeba kama mita 40 chini yake. Ukivuta kupita kiasi ukashusha mita moja, chumvi inaweza kukupandia mita 40. Kijimita cha TDS, yaani cha kupima chumvi na madini yaliyoyeyuka majini, kinatosha kuona: pima asubuhi, pima tena jioni pampu ikiwa imefanya kazi mchana kutwa. Tofauti ikiwa kubwa, kisima kinavutwa kuliko uwezo wake. Hilo kuchemsha hakulitibu, wala klorini. Naitreti, kemikali inayotoka kwenye makaro, ndiyo mbaya zaidi, maana maji yakichemshwa inabaki ile ile na kiasi cha maji kinapungua, na mtoto wa chini ya miezi sita anayekorogewa maziwa ya kopo ndiye anayeumia. Kikomo chake ni miligramu 50 kwa lita.

Sasa kuiwajibisha. Barua ya "maji yenu mabaya" haifiki popote, kwa kuwa jibu lao liko tayari: tangi lako ndilo chafu. Lizibe jibu hilo kwa sampuli mbili, moja kwenye koki iliyo mara tu baada ya mita, kabla maji hayajaingia tangini kwako, na ya pili kwenye mfereji wa jikoni. Zote zikiwa na E. koli (kijidudu kinachoonyesha kwamba kinyesi kimeingia majini), kampuni haina pa kutokea. Ikiwa ya jikoni peke yake ndiyo chafu, safisha tangi lako kabla hujamshtaki mtu.

Chupa ya vijidudu ichukuliwe maabara, imeshatakaswa, na ina dawa ndogo ndani ya kuua klorini, kwa hiyo usiisuuze. Vua kichujio cha mfereji, futa mdomo wake kwa spiriti, na kama ni wa chuma upitishie moto. Fungua maji dakika mbili tatu. Shika kifuniko bila kugusa ndani, kinga, acha nafasi ya vidole viwili juu, funga. Andika saa, tarehe na mahali, tia kwenye boksi la barafu na uifikishe ndani ya saa sita. Zaidi ya saa 24 haifai tena. Sampuli ya naitreti na chumvi ina chupa yake, na hiyo ndiyo ya kusuuza mara tatu kwa maji yale yale. Unguja uliza kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, Maruhubi. Pemba anza na Maabara ya Afya ya Jamii, Wawi. Kikomo cha E. koli ni sifuri katika mililita 100, hakina mjadala.

Majibu yakitoka, iandikie kampuni, ambatanisha nakala ya hati na risiti za malipo, na mpe sheha nakala apige muhuri wa kupokea. Ikinyamaza, peleka faili zima ZURA, mamlaka inayodhibiti huduma za maji na nishati, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya 2013. Suala la kibali cha kisima ni la ZAWA. Afisa afya wa manispaa naye aarifiwe siku hiyo hiyo, hasa kama kuna watu wanaoharisha. Majirani watano wenye sampuli za tarehe moja wana uzito kuliko mmoja mwenye sampuli tano.

Wakati mnasubiri, maji ya kunywa yachemke kweli kwa dakika moja, yapozwe ndani ya chombo chenye kifuniko, yachotwe kwa kata yenye mkono mrefu.

Ofisini kwao kuna hati ya maabara ukutani, ndani ya fremu. Isome kabla hujaridhika. Hii inasema "maji salama", ila haitaji sampuli ilichukuliwa kisimani, tangini au mferejini, aliyeichukua ni mwenye kampuni, na tarehe yake ni ya Februari, katikati ya kiangazi. Tunataka kuona ya Aprili, wakati wa masika, kutoka mfereji wa nyumba ya mwisho kwenye laini.