Moment Wildcat 184: kwa nini baindingi nimezifunga sentimita moja mbele ya mstari

Wenye haraka nawapa jibu kwanza. Wildcat 184 ya kampuni ya Moment, yenye urefu wa sentimita 184, ni skii ya theluji ya unga, yaani mpya na laini, yenye utundu mwingi, hela yangu haikwenda bure, na baindingi, vile vifungio vinavyolishika buti, nimezifunga sentimita moja mbele ya mstari wa kiwanda. Ukiwa na mguu mkubwa na mwili mzito, usinifuate. Naandika kwa sababu sisi Waswahili wa hapa Salt Lake City tunaoanza kununua skii badala ya kukodi huwa tumeulizia kila kitu, bei, urefu, hata rangi, isipokuwa hili moja ambalo likishafanyika limefanyika: pale fundi anaposhika drili, atoboe wapi?

Kwa asiyejua, skii za aina hii huuzwa tupu. Baindingi unanunua kando, kisha fundi anatoboa matundu na kuzifunga kwa skrubu. Juu ya skii kuna kamstari kadogo. Ubavuni mwa buti, chini karibu na soli, kuna alama inayoonyesha nusu ya urefu wa soli. Alama ikikaa sawa na kamstari, umefunga kama kiwanda kinavyopendekeza. Kamstari hako hakako katikati ya skii. Kako nyuma ya katikati, na huo umbali wa nyuma ndio unaobeba nusu ya tabia ya skii.

Skii za paki, zile ambazo vijana huzirukia mabomba ya chuma, hufungwa katikati au sentimita moja mbili tu nyuma. Skii za watu wanaopenda kushuka kwa kasi wakitazama chini muda wote huwa nyuma sentimita tisa, kumi, hata kumi na mbili. Skii za unga zenye utundu ziko baina ya hizo, tuseme kuanzia mbili hadi sita na kitu. Wildcat yangu ilitoa kama sita.

Nimesema ilitoa kwa sababu niliipima mwenyewe, na hilo nakusihi ulifanye kabla ya kumsikiliza mtu yeyote, mimi nikiwemo. Watu hupenda kusema "funga moja mbele" au "mbili nyuma" bila kutaja mstari wenyewe uko wapi. Moja mbele ya mstari ulio sita nyuma ni tano. Moja mbele ya mstari ulio mbili nyuma ni moja, na hapo uko karibu na skii ya paki. Ukitaja umbali kutoka katikati halisi, mnazungumza lugha moja.

Kupima ni kazi ya mezani. Laza skii, bana futi kwenye ncha ya mkia, ivute ikaze mpaka ncha ya pua, hewani, bila kuifuata ile mikunjo ya kuinuka. Usishangae namba isipolingana na iliyochapishwa. Skii iliyoandikwa 184 si lazima ikupe 184 kamili. Gawa kwa mbili, bandika kipande cha tepu ya karatasi, piga alama kwa penseli iliyochongwa. Kisha pima kutoka alama yako hadi kamstari ka kiwanda. Kwangu kamstari kalikuwa kamejificha ndani ya mchoro, ikabidi niinamishe skii kwenye taa nikakaona kwa kung'aa kwake, si kwa rangi. Rudia kwa skii ya pili. Ni dakika chache tu.

Sasa skii yenyewe. Moment wanazitengenezea Nevada, jimbo jirani na Utah, na Wildcat zamani ikiitwa Bibby Pro. Kiunoni, yaani pale pembamba zaidi, ni milimita 116. Chini ya buti ina kemba, ule upinde wa kawaida unaobana theluji ngumu, halafu pua na mkia vyote vimeinuka. Wazo la kuinua ncha ili skii ielee lilipata nguvu kwa mtelezaji maarufu Shane McConkey, aliyewahi kufunga baindingi kwenye skii za majini akashuka nazo milima ya theluji Alaska. Kutokana na hapo ikaja skii iitwayo Volant Spatula mwanzoni mwa miaka ya 2000. Siku hizi karibu kila skii pana ina damu ya ile. Kinachotuhusu ni hiki: pua na mkia vikiwa vimeinuka, sehemu inayogusa theluji ngumu inakuwa fupi, na sentimita moja ya kuhamisha buti inasikika kuliko ambavyo ingesikika kwenye skii ndefu iliyonyooka.

Kabla ya kununua nilikodi Wildcat hizi hizi zenye baindingi za demo, zinazoteleza juu ya reli. Unalegeza, unasogeza kichwa na kisigino cha baindingi, unakaza, unarudi kwenye lifti. Nilizijaribu kwenye kituo cha skii cha Brighton, juu ya bonde la Big Cottonwood, kwa sababu pale ndipo ninapotelezea na pale pana kila kitu: miti, miinuko midogo ya kurukia, upande wa Millicent wenye mawe na mabonde, na upande wa Great Western kwa kukimbia.

Nilianza kwenye mstari. Theluji ya milima hii ya Wasatch ikiwa mpya ni kavu na nyepesi (bango la Utah kwenye namba za magari linajisifu kuwa ndiyo bora duniani, na kwa hilo siwabishii), na kwenye mstari pua ilielea yenyewe bila mimi kuegemea nyuma. Kasi ilikuwa raha. Nilichokosa ni wepesi wa kuzungusha. Kwenye miti iliyobanana nilihisi pua ndefu mbele yangu, inafika kwenye kona kabla ya mimi kuamua.

Mbili mbele ilikuwa starehe ya asubuhi moja. Skii ikawa fupi ghafla. Nilizigeuza juu ya kila kinundu, nikashuka kinyumenyume bila mkia kuzama, na nikiruka uzito ulikuwa sawa pande zote, miguu haivutwi na pua. Mchana jua likapiga, theluji ikawa nzito yenye maji, na raha ikaisha palepale. Pua ikaanza kuchimba. Ni kama mtumbwi ambao mtu mnene kakaa mbele: unaenda, lakini kila wimbi unaliinamia. Mapaja yalinieleza habari hiyo kabla ya kichwa.

Moja nyuma niliijaribu kwa udadisi. Imara sana, pua juu, na ukikimbia chini ya Great Western hakuna kutetemeka. Ila utundu wote ulipotea. Mkia ukawa mfupi, nikiukandamiza kuruka haurudishi kitu. Kama ndiyo unayoitaka hiyo, kuna skii nyingine zilizotengenezwa kwa kazi hiyo na zitakufaa zaidi.

Moja mbele ndipo nilipokaa. Miti inapitika, pua bado inaelea kwenye theluji kavu, na kwenye ile nzito naiweza nikiongeza kasi kidogo. Nusu sentimita sikuisikia. Anayesema anaisikia ana miguu ya ajabu, namheshimu, lakini mimi sina.

Sasa kwa nini moja mbele inifae mimi na isikufae wewe? Hapa nina neno na duka moja, silitaji, ambako kijana wa kaunta aliniangalia tu akasema, "Wanawake huwa tunawafungia mbili mbele." Hakuuliza soli yangu. Hakuuliza ninatelezaje. Jinsia haina shughuli hapo. Chenye shughuli ni mguu. Alama ya buti iko nusu ya soli, lakini wewe unaikandamiza skii kwa ule unene wa wayo nyuma ya vidole. Soli ikiwa ndefu, unene huo uko mbali zaidi mbele ya alama. Soli ikiwa fupi, uko karibu nayo. Soli yangu ni milimita 285. Nikifunga kwenye mstari, mahali ninapokandamizia panakuwa nyuma kuliko pa mtu mwenye soli ya 325 aliyefunga mstari uleule. Kusogea mbele sentimita moja kunanirudisha karibu na alipo yeye. Ni kweli wanawake wengi wana miguu midogo, ndiyo maana ushauri ule hupatia mara nyingine, lakini mwanamume mwenye buti dogo anahitaji hesabu hiyohiyo, na hakuna anayempa.

Nilimpa jirani yangu Mkongo azijaribu, mtu wa Goma, mrefu, soli yake inazidi 330 na ana kilo thelathini zaidi yangu. Tuliziweka moja mbele. Aliposhuka mara ya kwanza akarudi na theluji mpaka ndani ya miwani. "Dada, hii inataka kunizika." Tukazirudisha kwenye mstari, akatulia, na sasa anazitafutia mwenyewe za 190. Skii ileile, mlima uleule, siku ileile.

Kuna la pili ambalo karatasi za maduka hazikuulizi: ulifundishwaje? Waliopitia shule ya zamani wanabana mfupa wa mguu kwenye ulimi wa buti na kusukuma mbele muda wote. Mtindo huo unahitaji pua ndefu ya kuegemea. Mweke mtu huyo kwenye skii iliyofungwa tano au nne nyuma ya katikati, atasema skii mbovu, inazama. Mimi nilijifunzia kwa vijana wa Brighton, nasimama wima zaidi, uzito katikati ya wayo, na skii hizi zinapenda kusimamiwa hivyo. Kama hujui wewe ni wa aina gani, angalia soksi zako jioni: mbele zimebanika au la?

Jambo la kukumbuka kuhusu reli za demo ni kwamba zinakuinua kidogo na ni nzito. Skii yako ikifungwa baindingi za kawaida utaihisi nyepesi na uko karibu zaidi na theluji. Nilichoamua kwenye reli kilibaki kweli baadaye, lakini usishangae siku ya kwanza.

Kufunga nilimpelekea fundi mwenye kiolezo cha baindingi zangu, Marker Griffon, zenye breki za milimita 120 ili zipite kiuno cha 116 bila kukwaruza. Nilienda na tepu yangu ya karatasi tayari ipo juu ya skii, mstari mpya umechorwa, na maneno "katikati ya buti hapa" yameandikwa kwa kalamu nene. Mafundi hawachukii hilo. Hawa wana foleni ya skii ukutani na karatasi yako inaweza kupotea, tepu haipotei. Skii isiyo na bati la chuma ndani hutobolewa kwa ncha ya milimita 3.6, yenye bati 4.1, na mara nyingi namba hiyo imechapishwa juu ya skii yenyewe. Ona kama fundi anaisoma. Kina ni kama milimita tisa, drili iwe na kizuizi, na kila tundu liingie gundi kabla ya skrubu ili maji yasifike kwenye mbao. Namba za kuachia mguu, zile zinazoamua baindingi iachie buti kwa nguvu kiasi gani ukianguka, ziachie yeye, na umwambie uzito wako wa kweli, si wa kwenye picha. Kazi yote ilinigharimu chini ya dola 100.

Fundi mzuri ataipima na presha ya mbele, yaani jinsi kisigino kinavyolisukuma buti kuelekea kichwa cha baindingi, kwa buti lako mwenyewe. Kwa hiyo nenda na buti. Mtu anapeleka skii peke yake kisha anashangaa kuambiwa arudi kesho.

Unaweza kubadilisha mawazo baadaye? Kidogo. Tundu jipya lisikaribie la zamani, mafundi wengi wanataka sentimita moja hivi kati yao, na la zamani linazibwa kwa kizibo na gundi. Ukihamisha baindingi zilezile kwa nusu sentimita, matundu yataingiliana, kwa hiyo hiyo nusu unayoisikia watu wakiijadili haipo mezani tena ukishatoboa. Wanaopenda kubadilisha huweka vijibomba vya chuma vyenye uzi ndani, skrubu zikaingia na kutoka upendavyo. Mimi sikuona haja.

Ubaya wa Wildcat ninao pia. Asubuhi ya barafu, kabla jua halijafika, kiuno cha 116 ni kazi ya magoti, na kwa kufunga mbele kama mimi mkia unajitokeza mrefu nyuma, kwenye mifereji myembamba unagonga. Siku hizo nachukua skii nyembamba za zamani. Mkiamka na theluji mpya mpaka kwenye magoti, sizitazami hizo nyingine.

Mkikuta Wildcat za mtumba, na zipo nyingi hapa bondeni msimu ukiisha, geuzeni skii mwangani mhesabu matundu yaliyozibwa kabla ya kutoa hela. Seti mbili za matundu si neno. Zikifika tatu, muulize muuzaji ni baindingi gani zilikaa wapi, halafu mpigie fundi wako picha akuambie kama mahali unapotaka wewe pamebaki.