WhatsApp au Signal: ipi inatunza siri zako?

Zote mbili ni programu za kutumiana ujumbe, na wengi hawajui kwamba kufuli lao la siri ni lilelile. Tangu 2016 WhatsApp husimba ujumbe wa kawaida kati ya watu kwa teknolojia iliyobuniwa na watu wa Signal, hivyo maneno yenyewe hayasomeki njiani.

Tofauti iko pembeni mwa maneno. WhatsApp, mali ya Meta (kampuni ya Facebook), inaweza kujua unawasiliana na nani na saa ngapi. Signal, ya taasisi isiyotafuta faida, hubaki na tarehe uliyojiandikisha na siku uliyounganishwa mwisho, basi. Kwangu hili ni zito: orodha ya watu unaowapigia usiku yaweza kukusaliti hata kama hakuna aliyesikia neno.

Gharama? Zote bure, ila vifurushi vya WhatsApp ni rahisi kupata, na mama, fundi na kikundi cha harusi wako huko.

Matunzo: nakala ya mazungumzo ya WhatsApp iliyoko Google Drive, hifadhi ya mtandaoni, haifungwi kwa kufuli hilo mpaka uwashe mwenyewe kwenye mipangilio. Washa leo. Signal, simu ikipotea bila nakala, mazungumzo yamekwenda.

Mwandishi wa habari, au mwanamke anayepanga kukimbia kipigo nyumbani, atumie Signal. Kwa michango ya harusi, WhatsApp inatosha.