ISN imenifanya nimfokee muuza CD bure

Nianze kwa kumwomba radhi kijana aliyeniuzia Babylon 5, ile tamthilia ya anga za juu. Niko msimu wa tatu, mama mtangazaji wa ISN, kituo cha habari cha humo ndani ya tamthilia, anasoma habari, mara studio inatikisika, mlipuko, kioo kikajaa chenga. Nikajua diski imekwaruzika. Nikaitoa, nikaifuta kwa kanga ya mke wangu, nikairudisha. Chenga zilezile, palepale. Asubuhi nikaenda kibandani kumfokea mbele ya wateja. Akanisikiliza mpaka mwisho: "Mzee wangu, hao wamevamiwa na jeshi. Endelea kuangalia."

Kweli. Rais Clark, mtawala wa Dunia, ametangaza sheria ya kijeshi, na kituo kimezimwa kikiwa hewani. Aibu niliyoipata! Lakini tangu hapo nikaipenda ISN.

Msimu wa nne ndio ulioniharibia. (Kama hujafika huko, samahani, nakumalizia uhondo.) ISN imerudi hewani, inamtuma mwandishi wake Dan Randall kule Babylon 5, kituo cha angani. Anajileta kwa adabu zote. Anamwambia Kapteni Sheridan, mkuu wa hapo, kwamba serikali imewabana, ila atajitahidi kupenyeza ukweli kidogo. Na mimi mtu mzima nikamwamini! Kipindi kinatoka: jibu la Sheridan limekatwa, likabandikwa kwenye swali ambalo hakuulizwa. Dk. Franklin, aliyewahifadhi wasoma mawazo waliogandishwa, kageuzwa daktari wa kuchanganya binadamu na viumbe wa sayari nyingine. Nikasimama nikaitukana TV. Mke wangu akatoka jikoni kuuliza nagombana na nani.

Uongo wa serikali nimeuzoea, huo sikuulilia. Kilichoniuma ni ile sauti yake ya upole, kama mtu anayekupa pole msibani huku sahani zako ziko kwenye mkoba wake. Siku kadhaa hata taarifa ya habari ya kweli sikuitazama. Kila nikimwona mtangazaji amepiga tai namwona Randall.

Kwa hiyo nyota moja. Tena hiyo ni ya taa za studio.

Ila ngoja. Clark anapoanguka, yule mama aliyepotelea kwenye chenga anarudi mezani kusoma habari. Nilinyamaza kimya, koo limenikaba, nikasingizia mafua. Haya, nyota nne, lakini zote ni za mama yule. Randall asiguse hata moja.