Hifadhi huria ya chuo: nimeweka makala saba, na haya ndiyo niliyoyaona

Siku moja nikiwa mbali na mtandao wa chuo nilitaka kuisoma makala yangu mwenyewe nikashindwa. Tovuti ya jarida ilinionyesha ikisiri na kitufe cha kulipia, basi. Jina langu liko juu, kazi ya miaka miwili, na mlango umefungwa. Iliniuma. Wiki hiyo hiyo nikaanza kupeleka makala zangu saba kwenye hifadhi huria ya chuo, yaani hazina ya kazi za kitaaluma mtandaoni, ile inayosimamiwa na maktaba.

Huduma ni bure, kwa anayeweka na kwa anayesoma. Unaingia kwa akaunti ya chuo, unajaza fomu, unapakia faili, kisha mkutubi anakagua kabla kazi haijawekwa hadharani. Mfumo wenyewe ni DSpace, ulioanzishwa na chuo cha MIT cha Marekani pamoja na kampuni ya HP mwaka 2002, na vyuo vingi wanautumia, kwa hiyo huenda unaufahamu tayari.

Panapokwamisha watu ni kwenye swali la toleo. Majarida mengi yanakuruhusu kuweka muswada uliokubaliwa, yaani ule uliokwisha kupita kwa wahakiki ukasahihishwa, ila mchapishaji hajaupanga kurasa. Ile PDF yenye nembo ya jarida kwa kawaida ni mali yake, isipokuwa jarida liwe la ufikiaji huria, yaani linalosomwa bure na yeyote. Mimi nilipakia hiyo hiyo yenye nembo. Kesho yake mkutubi akanipigia: "Dokta, hii ni ya mchapishaji. Naomba ile ya kwako." Nikaanza kuitafuta. Nilikuwa na faili sita za makala ile moja, na iliyonisaidia ni Jedwali la 3: mhakiki wa pili alikuwa ameniagiza niongeze safu moja, na ni faili moja tu iliyokuwa nayo. Ndugu zangu, siku barua ya kukubaliwa inapoingia, hifadhi muswada wako siku hiyo hiyo.

Mkutubi huyo ndiye aliyenifanya niipende huduma hii. Alinionyesha namna ya kuangalia masharti ya kila jarida kwenye Sherpa Romeo, tovuti iliyokusanya masharti hayo (siku hizi inaitwa Open Policy Finder), tukazipitia zote saba. Sita zilifunguliwa papo hapo. Ya saba ina zuio la miezi 12. Unaandika tarehe kwenye fomu, na ikifika mfumo unaifungua wenyewe. Kwa sasa msomaji anaona kichwa na ikisiri. Akanieleza pia jambo ambalo wenzangu wengi wanaliogopa bure: leseni unayoikubali mwishoni inakipa chuo ruhusa ya kuitunza na kuisambaza kazi, haikunyang'anyi hakimiliki.

Fomu, hata hivyo, inahitaji kurekebishwa. Ukikaa kimya kwa muda inakutoa nje bila kuhifadhi ulichoandika. Nilijaza maelezo ya makala ya nne mara mbili. Majina nayo ni shida. Mwandishi mwenzangu aliingizwa kwa tahajia tatu, akawa watu watatu, na kazi zake zikatawanyika. Weka namba ya ORCID, ile ya kumtambulisha mtafiti mmoja mmoja yenye tarakimu 16, kwa kila mwandishi aliye nayo. Na maktaba waruhusu kuchagua jina lililokwisha kusajiliwa badala ya kuliandika upya kila mara.

Kiungo cha kudumu nilikipata mkutubi alipoikubali makala tu, na baada ya muda nikaziona makala zangu kwenye Google Scholar, toleo la bure likiwa pembeni ya lile la kulipia. Juzi mwanafunzi nisiyemjua, wa chuo kisicholipia jarida lile, aliniandikia. Alikuwa ameusoma muswada wote, na alikuwa na swali kuhusu safu ile ya Jedwali la 3. Nilimjibu jioni hiyo hiyo.