Msumeno wa watu wawili kwa njia za porini Marekani: tafuta wa zamani

Sheria ya Wilderness ya mwaka 1964 iliyafungia injini na magurudumu mapori yaliyohifadhiwa ya Marekani. Mti ukilala njiani ndani ya pori la Bob Marshall, jimbo la Montana, huwezi kuingia na msumeno wa injini, hata toroli. Ndiyo maana wapandafarasi wa kujitolea kama Back Country Horsemen, walioanza huko huko Montana mwaka 1973, bado wanapakia msumeno wa watu wawili juu ya baghala (nyumbu wa mizigo, si yule wa Serengeti).

Kwa kazi hii, wa zamani wa futi 5.5 au 6 unaushinda mpya. Siri iko kwenye bapa. Misumeno mizuri ya zamani ilisagwa mgongo ukawa mwembamba kuliko upande wa meno, hivyo haibanwi upesi ndani ya gogo. Mingi ya leo ina unene mmoja. Meno yake hupindwa zaidi kulia na kushoto ili ipite, nanyi mnachoka kwa kukata mfereji mpana bure.

Kabla ya kulipa, angalia kutu. Ya juu juu husuguliwa ikatoka, lakini iliyochimba mashimo karibu na meno ni hasara. Ufa? Uache hapo hapo.

Meno ni ya aina mbili: yanayokata nyuzi za mti, na yanayokwangua kilichokatwa. Ya kukwangua yawe mafupi kuliko mengine kwa milimita 0.2 hadi 0.8 hivi. Yakizidi urefu, msumeno unarukaruka. Yakiwa mafupi mno, nyuzi zinakatika ila hazitoki. Tazama kinachodondoka: tambi ndefu ni dalili njema, unga mtupu ni kunolewa vibaya. Usimpe kila mwenye tupa, maana bila geji ya kupimia ataua msumeno wa miaka 80 kwa asubuhi moja.

Kila mtu avute tu, asisukume. Ukisukuma bapa linajipinda. Gogo lililoegemea ncha zote mbili hujibana upande wa juu, kwa hiyo pachika kabari za plastiki mara tu nafasi inapotosha. Utomvu wa misonobari ukigandia bapa, futa kwa mafuta ya taa.

Udhaifu wake mkubwa ni usafirishaji. Ng'oa mipini, vika meno mpira wa zimamoto uliopasuliwa kwa urefu, kisha ukunje juu ya shogi (mifuko ya mizigo ya pande mbili za mnyama) zilizopimwa zikalingana uzito, meno yakitazama mbali na mnyama. Mpe baghala mtulivu, kwa sababu bapa hutikisika na kulia njia nzima. Mkifika kambini lifunguliwe na kulazwa. Likilala limekunjwa litabaki na mpindo.

Na kabla ya kununua: kwenye ardhi ya Forest Service (idara ya misitu ya Marekani), mtu wa kujitolea hagusi gogo kwa msumeno huu bila kufunzwa na kupewa cheti cha ukataji.